Picha Isiyo na Mtu

Tulipomzika Elia kule Kinampanda mwezi uliopita, wanawe walikuwa wameweka mezani, mbele ya jeneza, picha yake iliyokuzwa kutoka kwenye kitambulisho, ndani ya fremu nyeusi. Ilikuwa imekuzwa mno mpaka uso wote umegeuka nukta nukta, na ukiikaribia humwoni mtu, unaona kama mchele uliomwagika kwenye kitambaa cheusi. Mwanawe mkubwa, Yona, alikuja kuniomba radhi kana kwamba kosa ni lake. "Shangazi," aliniambia, "baba amepiga picha watu wa mkoa huu wote. Sisi tumepekua nyumba nzima, yake hakuna." Nilimwambia hilo halinishangazi, maana mtu aliyekaa nyuma ya kamera maisha yake yote, nani angempiga? Nikaenda kukaa jamvini na wanawake wenzangu, nikapewa ugali wa mtama na mlenda, na nikiwa katikati ya kula nikajikuta natabasamu peke yangu, jambo lisilopendeza msibani. Ilikuwa ni ile fremu nyeusi ya mezani. Ilinirudisha kwenye mwaka ambao mimi na Elia tulijaribu kuuza picha za kupamba ukuta mjini Singida, na mji ukaja kutupa pole.

Ulikuwa mwaka ambao redio ilizungumza habari za vijiji vya ujamaa asubuhi na jioni, watu wanaitana ndugu, na sukari unaipata kwa kujuana. Mimi nilikuwa binti niliyemaliza shule, nimeajiriwa kupima vitambaa katika duka la Bi Mwanaisha. Ukiingia dukani kwake ulikutana kwanza na harufu ya kaniki mpya, halafu kwa chini yake harufu ya vitunguu, kwa sababu chumba cha nyuma kilikuwa ghala la vitunguu miaka mingi kabla Elia hajakipanga na kukifanya chumba chake cha giza. Humo ndimo alimosafisha picha. Kwa msomaji kijana nieleze kwamba zamani tulisema "kusafisha" kwa sababu picha ilioshwa kweli: karatasi inatumbukizwa kwenye beseni la dawa, unaitikisa polepole, na sura inatoka yenyewe kama mtu anayeamka. Nimeliona jambo hilo mara nyingi na sijalizoea mpaka leo. Picha zetu zote zilitoka humo zikinuka vitunguu kidogo. Wateja wengine walidhani ndiyo harufu ya dawa yenyewe.

Elia aliishi kwa picha za kawaida: harusi, ubatizo, watu wanaotaka vitambulisho, vijana waliosimama kando ya baiskeli ya kuazima. Lakini alikuwa na picha nyingine, alizopiga siku anazosema anakwenda kutembea. Mawe makubwa yaliyobebana kule Kititimo. Ndege aina ya heroe ziwani Singidani, wengi mpaka maji hayaonekani. Uzio wa minyaa, na kivuli chake. Hizo alizikuza kwa karatasi nzuri aliyokuwa akiibania, akasafisha nakala chache tu za kila moja, akaandika jina lake pembeni kwa penseli. Alinieleza sababu tukiwa tunakunywa chai ya mchana, yeye ameketi juu ya marobota ya kaniki. Picha ikiwa kila nyumba, alisema, hiyo ni kalenda. Yeye alitaka mtu atoke nyumbani kwake kwenda kutafuta kitu cha kutazama, kama anavyotoka kutafuta kiti cha kukalia.

"Kiti kinakaliwa," Bi Mwanaisha alijibu kutoka kwenye cherehani yake. "Na kalenda wanatoa bure, halafu ina tarehe."

Mimi nilimwamini Elia, sijui kwa nini. Nadhani ni kwa sababu nilikuwa nimechoka kupima kaniki. Nikamwambia anipe hizo picha nimtafutie wanunuzi, naye akacheka, akanipa. Hapo ndipo nilipoanza kusikia swali lililotusumbua mwaka mzima. Mteja anakuja kununua doti ya khanga, namwonyesha picha ya mawe, anaitazama kwa adabu, anauliza, "Picha ya nani?" Namwambia siyo ya mtu, ni ya mawe. Anaitazama tena, anatafuta kwenye pembe, labda kuna mtu amejificha. "Sawa, lakini ya nani?" Wengine waliihurumia, kama unavyohurumia chumba chenye viti vizuri na hakuna aliyekuja. Mama mmoja aliniambia nisimlipe mpiga picha, maana amechelewa, wenyewe wameshaondoka.

Nieleze hapa kwamba watu hawakuwa wajinga, na nilikawia kulielewa hilo. Kwa Kiswahili chetu "picha ya nani" ni maswali mawili ndani ya moja: nani yumo, na nani mwenyewe. Kwetu jibu lilikuwa moja. Aliyemo ndiye mwenyewe. Anaichukua, anampelekea mama yake, basi. Picha isiyo na mtu ilikuwa haina mwenyewe, na kitu kisicho na mwenyewe nani atakilipia?

Basi Elia akaamua kuwapa mtu. Alikuwa na picha moja aliyoipiga Sepuka, ya mama anayepepeta mtama, ungo umeinuliwa, makapi yanaruka kama moshi, na mama mwenyewe anacheka kitu ambacho hakimo pichani. Jina lake Anastazia. Elia aliikuza kwa ukubwa ambao mji wetu haukuwahi kuona, akaipeleka kwa fundi seremala atie fremu. Fundi alikuwa na mbao za aina moja tu, zilizobaki kwenye kazi yake ya majeneza, na rangi ya aina moja tu, nyeusi. Ilipendeza kweli. Tukaitundika ukuta unaotazamana na mlango, mahali macho ya anayeingia yanapofikia bila kuinua kichwa, na pembeni yake tukatundika zile za mawe na za ziwa.

Mtu wa kwanza kuingia asubuhi ile alikuwa mzee mmoja muuza asali. Alisimama mlangoni, akavua kofia, akasema, "Poleni sana."

Tukajibu, "Tumeshapoa," kama unavyoitikia bila kufikiri. Wa pili akauliza kama marehemu aliugua. Wa tatu hakuuliza kitu, alikwenda kumshika mkono Bi Mwanaisha, akakaa naye kimya. Kufikia adhuhuri kulikuwa na wanawake wamekaa kwenye mkeka nje ya duka, na mmoja ameleta unga. Sisi wawili, mimi na Elia, tulikuwa watu pekee mjini waliosahau kitu ambacho kila mtu alikijua: picha kubwa hivyo, kwenye fremu nyeusi, hutengenezwa mtu akishakufa.

"Nani atapunguziwa bei kwenye nyumba ya msiba?" Bi Mwanaisha alilalamika jioni, anapakua wali. "Wanaingia, wanaona aibu kubishana bei, wanatoka. Leo sijauza hata uzi. Elia, mwanangu, nakupenda, lakini huo ukuta ni wangu."

"Nipe muda kidogo, Bi Mwanaisha."

"Nakupa mpaka vitunguu viishe sokoni. Uuze picha moja ya namna hii kwa mtu wa hapa hapa. Siyo kwa mzungu wa misheni, yeye atanunua hata mlango. Mtu wa hapa. Ukishindwa, nauchukua ukuta wangu natundika khanga."

Elia aliacha kula. Nilijua sababu, maana alikuwa ameniambia. Kulikuwa na mwenye studio wa Tabora aliyeitaka kamera yake kwa ajili ya picha za vitambulisho, na alikuwa ameahidi kupita msimu wa vitunguu ukiisha. Karatasi na dawa vilikuwa vinamwishia Elia. Bila ukuta asingekuwa na mahali pa kuonyesha picha zake, na kama hakuna wa kuzitazama, alisema, kamera ya nini? Angeitoa, angerudi Kinampanda kulima. Nami ningebaki na kaniki.

Kabla hata wiki haijaisha alikuja balozi wetu wa nyumba kumi, Balozi Hamisi, mtu mfupi aliyependa mambo yapitie kwake.

"Bi Mwanaisha," alianza kwa sauti ya kuumia, "kwenye nyumba zangu kuna msiba, na mimi nausikia sokoni kwa wauza nyanya."

"Hakuna msiba, balozi. Kuna biashara."

"Biashara ya marehemu?"

"Huyo ni mzima kuliko wewe."

Balozi akamgeukia Elia. "Ndugu, hii picha ni ya nani?"

"Yangu, balozi."

Akaitazama picha, akamtazama Elia, akairudia picha. "Mbona hamfanani?"

Nilijificha nyuma ya robota nicheke. Elia alieleza kwamba picha ni yake kwa sababu ameipiga yeye, ila sura ni ya mama wa Sepuka, mkulima. Hapo balozi alivuta kiti, na kicheko kikaniishia.

"Kwa hiyo mkulima amesimama juani anapepeta mtama. Wewe umekaa kivulini nyuma ya mashine. Halafu uso wake unauuza, unakula wewe. Hilo tunaliitaje, ndugu?"

Kila siku redio ilitufundisha linavyoitwa: unyonyaji. Na kusema kweli balozi alikuwa na hoja, hoja ambayo Elia aliibeba maisha yake yote. Balozi alisema picha ile isiuzwe mpaka mama mwenyewe aseme neno, na atamtumia ujumbe kwa lori linalokwenda Sepuka. Alipoondoka, Elia alikaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma akimenya kitunguu ambacho hakuna aliyemwagiza kukimenya. "Ameniuliza swali lile lile," aliniambia. "Na safari hii mtu yumo."

Ujumbe wa balozi haukuwa na haja ya kufika, maana habari zilikuwa zimetangulia. Siku ya mnada, magunia ya vitunguu yamejaa barabarani, lori lilisimama mbele ya duka akashuka mama mrefu, kuku mwekundu kwapani. Alisimama mlangoni pale pale aliposimama mzee wa asali.

"Hodi," alisema. "Nimekuja kwenye matanga yangu."

Bi Mwanaisha, mtu asiyeshtuka ovyo, aliangusha mkasi. Mimi nilitoa shikamoo mara mbili. Mama Anastazia aliingia, akasimama mbele ya picha, mkono kiunoni, akajitazama kwa muda mrefu.

"Dada yangu wa Ikungi ameshanililia," alisema. "Shemeji zangu wameanza kuulizana nani achukue mbuzi wangu. Ndiyo mimi nikapanda lori, nije nijue nimekufa kwa ugonjwa gani. Kuku huyu ni wa msiba, mtu haji mikono mitupu." Kisha akamgeukia Elia. "Mbona umeniweka kwenye mbao za maiti, mwanangu?"

"Ndizo zilizokuwepo, mama."

"Zingekosekana ungeniacha."

Aliandaliwa chai na maandazi, watu wakaacha mnada wakaja kuchungulia, wengine wanamgusa bega wapate uhakika. Balozi Hamisi akafika anakimbia, akatoa heshima zake, akamweleza mama kwamba kijana anataka kuuza uso wake, naye asiogope kusema.

"Kwa nani?" mama aliuliza.

"Kwa yeyote atakayeupenda."

"Mtu asiyenijua anitundike kwake, niwe namwangalia anavyokula?" Watu waliangua kicheko, naye akangoja wamalize. "Hapana. Uso wangu hauuzwi. Ila hapa dukani nitakaa, hapa kuna watu na mazungumzo. Toeni huo weusi tu. Na kila nikija mnada, Bi Mwanaisha, nina ukuta wangu hapa na chai yangu."

"Chai tu," Bi Mwanaisha aliitikia haraka. "Maandazi tutaongea."

Balozi alitangaza kwamba shauri limekwisha. Kwa watu wote lilikwisha vizuri. Mimi nilimtazama Elia anaishusha ile picha, tegemeo lake lote, na kuanza kung'oa mbao nyeusi kwa koleo, na nikajua anafikiria Tabora. Vitunguu vya siku ile vilikuwa vya mwisho mwisho.

Mama Anastazia alisogea apishe kazi, akaketi pembeni kwenye robota la kaniki, mahali Bi Mwanaisha alipokuwa ameegemeza picha ambazo Elia hakupata kuzitundika. Akaanza kuzifunua moja moja, bila nia, kama mtu anayepanga nguo za mwenzake. Alipofika kwenye moja akaisogeza karibu na macho. Halafu alisema kitu kwa Kinyaturu, taratibu, na siyo kwetu.

Niliinama niione. Lilikuwa jiwe pana lililolala, nyuma yake paa bapa la nyumba ya tembe lililoanza kubomoka, na uzio wa minyaa. Haina mtu. Elia aliiona mkononi mwake, akaona haya. "Hiyo iache, mama. Nimeiharibu. Jua lilikuwa mgongoni, kivuli changu kimeingia pale chini."

"Hapa ni kwangu," alisema mama.

Alikuwa amehamia kijijini pamoja na wengine, kwenye nyumba mpya zilizopangwa mstari, na hakulalamika. Alisema kisima ni karibu na wajukuu wanasoma. Lakini tembe ile ndimo alimoolewa, na sasa alituonyesha kwa kidole: kwenye jiwe hili tulianika mtama, huu ulikuwa mlango, hapa mume wangu alikaa akirekebisha jembe. Watu wa mnada walisogea wakamzunguka, na wote wakaitazama ile picha, wakaitazama kwa kweli. Sijaona mpaka leo picha ikitazamwa vile. Hakuna aliyeuliza ya nani.

"Na huyu," mama alisema, akigusa kile kivuli, kichwa chenye kofia na viwiko vilivyonyanyuka, "nani huyu amesimama uani kwangu bila kupiga hodi?"

"Ni mimi, mama."

"Basi karibu." Akaikumbatia ile picha. "Hii nanunua."

"Mama, haina mtu," balozi alimtahadharisha.

"Balozi, sura yangu ninayo, naibeba kila siku. Hii sina." Akamchukua kuku mwekundu chini ya robota, akamkabidhi Elia. "Na kwa kuwa sikufa, huyu hana kazi tena."

Wote tulimgeukia Bi Mwanaisha. Alimshika kuku, akampima kwa mkono, akampapasa kifuani, kama ilivyo desturi ya watu wa Singida ambao kuku kwao ni jambo zito.

"Ni mauzo," alisema. "Ukuta abaki nao."

Nimefundisha vijana wengi kuuza picha tangu wakati ule, na wengi huja wakitaka kujua bei, fremu, na namna ya kumpata mteja tajiri. Hayo yote nawaeleza, yana faida yake. Lakini kwanza nawaambia waache kumwonyesha mtu picha kabla hawajamwuliza, "Kwenu wapi?" Hilo ndilo nililoanza kuuliza siku ile ile, na sikulisoma popote. Dereva mmoja wa lori, mtu wa Shelui, alinijibu kwa kunieleza mlima wa kwao kwa robo saa, mikono hewani. Elia akaenda akaupiga asubuhi moja, na dereva akaitundika ndani ya lori, akawa anawaonyesha madereva wenzake kila kituo, na hao wakaja. Mwalimu mmoja alichukua heroe, kwa kuwa alimchumbia mke wake ufukweni mwa Singidani. Yule bwana wa Tabora alipofika kuchukua kamera alikuta haiuzwi, akanuna, akanywa chai, na akaondoka na picha ya reli. Na picha za watu Elia hakuacha kuzipiga, ila tangu hapo hakuitundika hata moja kabla mwenye uso hajaiona na kusema neno. Mama Anastazia alikaa ukutani miaka na miaka, kwenye mbao zisizopakwa rangi, akicheka. Maandazi alipewa.

Basi, kule Kinampanda. Sahani zilikuwa zinakusanywa gari lilipoingia na watu wa Sepuka. Walishuka wajukuu wa Mama Anastazia, ambaye naye ametangulia, na binti mmoja amebeba kitu kimefungwa kwenye khanga. Alikifungua mbele ya Yona. Karatasi imekuwa njano, lakini jiwe lipo, tembe ipo, minyaa ipo. Niliinusa, naapa vitunguu vilikuwepo bado, ingawa huenda ni mimi.

Yona aliishika kwa adabu, akaitazama, akatafuta kwenye pembe. Nilijua atauliza nini kabla hajafungua mdomo.

"Ahsanteni sana. Lakini hii ni picha ya nani?"

"Chuchumaa," nilimwambia. "Angalia pale chini, kwenye jiwe."

Akachuchumaa. Aliiona kofia kwanza. Kisha viwiko, vile alivyovinyanyua baba yake kila siku ya maisha yake, kama mtu anayekunywa maziwa kwenye kibuyu. Yona alikaa chini pale pale kwenye vumbi na suti yake, akawaita ndugu zake waje. Wakaiondoa ile ya nukta nukta, wakaiweka hii mezani.

"Ila ni ya kuazima, kaka," yule binti alisema, kwa upole lakini kwa msimamo. "Kabla hajafa bibi alituusia, mkimaliza tuirudishe. Huyo ni mgeni wake, alimkaribisha mwenyewe."